Niliwaonyesha Mchezo, Sikuwachezesha

Kosa langu lilikuwa hili: niliwaonyesha watu sura ya mchezo wangu, wakaisifu, nami nikazichukua sifa hizo kuwa ushahidi kwamba mchezo unachezeka. Nikatumia pesa zangu kwa ushahidi huo. Nikapokea na pesa za watu kwa ushahidi huohuo. Hakuna aliyenidanganya. Niliuliza swali lisilofaa, nikajibiwa sawasawa na nilivyouliza.

Mchezo wenyewe unaitwa Usiku wa Gungu. Ni mchezo wa mezani, una ubao, kadi na sanamu ndogo, na unatokana na kisa ambacho wengi tuliolelewa pwani tumekisikia tangu utotoni: Fumo Liyongo kifungoni. Mfalme wa Pate amemtia gerezani. Mjakazi Saada anampelekea mikate, na ndani ya mkate wa wishwa, ule ambao walinzi hawautamani, mama wa Liyongo ameficha tupa. Nje inachezwa ngoma ya gungu, matoazi yanalia, na chini ya mvumo huo Liyongo anaikata minyororo yake pasipo mtu kusikia. Kwa muda mrefu nimeamini kwamba kisa hiki kinataka kuchezwa. Kina siri, kina haraka, kina pande mbili zinazowindana, na kina kipimo kimoja kinachoamua mambo yote, nacho ni kelele. Upande wa mfungwa unatoa kadi za ngoma ili kelele zipande. Kadiri zinavyozidi umakini wa walinzi, ndivyo tupa inavyokata pingu nyingi zaidi. Mimi nikaongeza majini wanaosikiliza kutani, kwa sababu nilitaka mchezo wa maajabu, si somo la historia.

Wa kwanza niliutengeneza kwa boksi la sabuni. Kadi zilikuwa manila iliyokatwa kwa mkasi na kuandikwa kwa kalamu, walinzi walikuwa vifungo vya shati, na kelele nilizihesabu kwa kete za bao. Ndugu na majirani waliucheza huku wakibishana. Waliniambia bila kunionea haya: kadi hii haina maana, zamu ya mlinzi inachosha, jini wako anajua mengi mno. Mmoja aliichukua kalamu mkononi mwangu, akaikata sheria nzima kwa mstari mmoja, akaendelea kucheza. Alikuwa sahihi. Kila jioni ya aina hiyo mchezo ulisogea mbele.

Kisha nikaanza kuuonea haya ule ubao wa boksi.

Nilikuwa nikitazama sana picha za michezo mikubwa ya maajabu inayotoka Marekani na Ulaya. Gloomhaven, aliyoibuni Isaac Childres na iliyowafikia wachezaji mwaka 2017, ni sanduku la karibu kilo 10, limejaa kadi, vibao na sanamu. Ukiona kitu kama hicho kisha ukatazama vifungo vyako vya shati, unajiona hujaanza. Hapo ndipo nilipopotea, na nadhani yeyote anayebuni kitu kwa mikono yake anaweza kupotea hapohapo. Nilisahau kwamba ninachokitazama ni mwisho wa safari ya mtu mwingine, nikaufanya mwanzo wa safari yangu.

Na sikuwa mjinga wa historia ya michezo hii. Nilijua kwamba Dungeons & Dragons, aliyoitoa Gary Gygax pamoja na Dave Arneson mwaka 1974, ilianza na nakala 1,000 zilizopangwa masandukuni kwa mkono, na kwamba baadhi ya viumbe wake mashuhuri walitokana na midoli ya plastiki ya bei rahisi iliyotengenezwa Hong Kong, ambayo Gygax aliitumia mezani kwake kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Nilijua kwamba Richard Garfield aliijaribu Magic: The Gathering na marafiki kwa kadi za karatasi zisizo na uzuri wowote, kabla haijachapishwa mwaka 1993. Haya nilikuwa nikiwasimulia watu. Kuyafuata sikuyafuata.

Nilimwendea rafiki yangu mchoraji. Kabla ya kukubali aliniuliza jambo moja tu: sheria zimekwisha? Nikamjibu zimekwisha. Huo ulikuwa uongo. Nilijua bado nusu ya kadi za majini zinayumba, lakini niliogopa kwamba nikimwambia asubiri atachukua kazi nyingine. Akaketi kuchora, na alichora kwa moyo wake wote: milango ya Lamu yenye nakshi, kuta za matumbawe, anga la usiku la samawati nzito ambalo ukilitazama unasikia ngoma. Sanamu tulizichapisha kwa printa ya 3D, zile za resini zinazogandishwa kwa mwanga tabaka baada ya tabaka, kisha zinaoshwa kwa spiriti. Tukazipaka rangi. Kadi nilizipeleka kwa mchapaji, milimita 63 kwa 88, kipimo kilekile cha kadi za Magic, pembe zimeviringwa.

Kisha nikaita watu waje kuona.

Lilikuwa onyesho zuri, sitalikana. Ukumbi mdogo wa Mombasa, meza moja katikati, watu wamejaa na simu zimeinuliwa. Nilikuwa nimetengeneza sampuli tatu za Liyongo mwenyewe: mmoja amesimama na upinde, mmoja yumo pinguni, na mmoja amepiga goti, upinde umevutwa, kama anavyosimuliwa alipokufa kisimani kwa sindano ya shaba, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Nikauliza: ipi imependeza zaidi? Wakachagua aliyepiga goti. Nikauliza kuhusu majalada mawili, wakachagua. Nikauliza kuhusu rangi ya ubao, wakachagua. Halafu nikawaonyesha zamu chache za mchezo, nikieleza huku nasogeza vitu mwenyewe, wakapiga makofi. Wengi walitaka kuagiza papo hapo. Nikapokea malipo ya awali kwa M-Pesa nikiwa nimesimama palepale.

Katika kundi lile alikuwemo yule ndugu aliyewahi kuikata sheria yangu kwa kalamu. Nilimtazama nikitarajia neno. Akasema, "Hongera sana, bwana." Nikafurahi. Leo najua kwamba hongera ile ilipaswa kunishtua. Mgeni akipakuliwa pilau sebuleni kwenye sinia zuri hasemi kwamba chumvi imepungua, lakini jikoni ukimwonjesha kwa mwiko atakwambia mara moja. Mimi nilikuwa nimeuhamisha mchezo kutoka jikoni kwenda sebuleni, kisha nikashukuru kwamba hakuna aliyelalamikia chumvi. Ubao wa boksi ulikuwa unamwambia mtu: hiki bado, nisaidie. Ubao uliochapishwa ulimwambia: mwenzako ametoa jasho na pesa, usimvunje moyo. Kwetu sisi, tuliolelewa kuchunga heshima ya mwenye shughuli, ujumbe huo wa pili una nguvu kubwa, na anayetaka ukweli lazima aujue kabla ya kuuliza.

Nilitambua kosa jioni moja Likoni. Rafiki mmoja aliomba sanduku lile la sampuli ili familia yake icheze, nikamtumia mapema na kuahidi kuja kuwaelekeza. Feri ilichelewa. Nilipofika barazani kwao walikuwa wameshaanza, na nilisimama nje ya mwanga wa taa bila kubisha hodi, nikiangalia.

Sanamu zote zilikuwa zimewekwa pembeni. Juu ya ubao walikuwa wanacheza na vizibo vya soda, kama watu wanavyocheza dama: vilivyolala kifudifudi ni walinzi, vilivyolala chali ni watu wa mfungwa. Karatasi ya risiti ilikuwa imegeuzwa na kuandikwa tarakimu za kelele, kwa sababu kipimo kilichochorwa kwenye ubao, samawati juu ya samawati, hakikuonekana kwa taa ile. Kijana mmoja alikuwa akiielekeza kila kadi kwenye mwanga wa simu ili asome maandishi meupe membamba yaliyopita juu ya nyota.

Niliingia, nikamwamkia mama mwenye nyumba, akaniitikia, akanionyesha niketi. Nikauliza kwa nini hawakutumia sanamu. Kijana akajibu kwa upole kwamba ni nzuri mno, ila hawajui nani ni nani. Alikuwa anasema kweli. Liyongo aliyepiga goti ana kimo sawa na mlinzi aliyesimama. Yule jitu wa simulizi zetu, ambaye mtu alipaswa kumwona tangu upande wa pili wa chumba, nilikuwa nimempoteza katikati ya walinzi wake, kwa sababu watu walipigia kura mkao wake bila kumwona amesimama kati ya wenzake ubaoni.

Kisha mama akasema, "Mwanangu, huyu mfungwa wenu hana tabu. Anatoka tu."

Sikumwelewa. Akaniambia wameshacheza na kurudia, na kila mara Liyongo anakata minyororo mapema sana, walinzi hawajafika popote. Nikachukua kile kitabu cha sheria, kilichopambwa vizuri, nikakisoma mbele yao nikitafuta mahali walipokosea. Hawakukosea. Kelele zinapaswa kushuka kila zamu inapokwisha, maana ngoma hupumua, na hapo ndipo hatari ya mchezo mzima ilipo. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Tangu enzi za boksi la sabuni nilikuwa nazishusha mimi. Kila zamu mkono wangu ulikwenda kwenye kete ukazirudisha nyuma, huku mdomo wangu ukiongea mambo mengine, nami sikujua kwamba nafanya hivyo. Pale ukumbini nilifanya hivyohivyo. Watu walipigia makofi mchezo uliokuwa na mkono wangu ndani yake, na mkono huo haumo sandukuni.

Nilikaa kimya pale. Nilikuwa naona kitu kimoja baada ya kingine. Kwamba zile zamu chache ukumbini hazikuwa jaribio. Kwamba sijawahi kuuacha mchezo huu peke yake na watu. Kwamba kila nilichokilipia nilikuwa nimekilipia kabla ya wakati wake.

Gharama ilikuwa hivi. Kadi zote za majini zilibadilika tulipozijaribu upya, hivyo michoro yake na chapa yake ikawa ya kutupwa. Mchapaji alishafanya kazi yake na hakuwa na deni kwangu. Akiba niliyoitenga ya kununua pikipiki iliishia hapo. Walioagiza niliwarudishia pesa zao, baadhi yao kwa kuchelewa, na kwa kuchelewa huko niliwaomba radhi mmoja mmoja. Nina bahati kwamba sikuwa nimefika hatua ya kutengenezesha kalibu za chuma za sanamu za plastiki, maana kalibu ikishachongwa, kupunguza chuma kunawezekana lakini kurudisha kilichoondolewa ni kazi ngumu na ya gharama.

La mchoraji ni tofauti na pesa. Nilimwendea nikamwambia kwamba siku ile aliponiuliza kama sheria zimekwisha, nilimdanganya. Alinisikiliza. Akasema angechora hata kama ningemwambia ukweli, lakini angeanza na penseli. Kwa muda hatukuzungumza sana. Sikumlaumu.

Ikiwa nawe una mchezo unaoupika, nitakwambia ninavyofanya sasa, ukitaka chukua. Nimerudi kwenye manila na kalamu. Tukijaribu, huwa nawaachia watu sanduku na karatasi ya sheria, nakaa nyuma yao, mikono nimeikunja ili isiende kwenye kete. Wakiniuliza, siwajibu, naandika swali. Kila swali ni shimo kwenye sheria zangu. Siulizi tena kama imependeza. Nauliza nani alikuwa anashinda katikati ya mchezo, na walijuaje. Nauliza ni kadi ipi waliishika hadi mwisho bila kuitumia. Majibu ya maswali hayo hayana adabu ndani yake, na ndiyo maana yanafaa. Kalamu naiweka mezani, upande wao.

Michoro tunaijaribu vivyo hivyo. Kipimo cha kelele sasa kina rangi ya mchanga na tarakimu nyeusi nene, na tumekisoma kwa taa ya kandili kabla ya kukikubali. Watu wa mfungwa wamesimama juu ya vitako vya duara, walinzi juu ya vya pembe nne, ili hata asiyetofautisha rangi ajue kwa kidole. Liyongo amesimama wima, mikono pinguni, na anawazidi wote kwa kichwa na mabega. Hakuna aliyempigia kura. Tulimweka ubaoni kati ya vizibo vya soda, tukarudi nyuma hadi mlangoni, tukamwona.

Mchoraji amerudi, kwa sharti lake. Hachori kadi mpaka aicheze kwanza, tena upande wa mfungwa na upande wa walinzi. Wiki iliyopita alicheza na kadi ya Saada, akaniambia kwamba mjakazi huyo anabeba mkate kisha hana kazi tena hadi mwisho, na kwamba mwanamke aliyepita mbele ya walinzi akiwa na tupa ndani ya wishwa hastahili kukaa bure. Hiyo ndiyo kadi tunayoishughulikia sasa.