Barabara ya Bergen na motokari pasipo sekuru

Kwetu huku kati ya Lubumbashi na Kolwezi, shofere mwenye akili, mbele ya kuondoka, anapiga kwanza mpira wa sekuru ngumi, kusikia kama upepo ungali ndani. Safari ni kilometa 300 hivi. Makamio ya shaba yako mbele, mengine nyuma, na kando ya barabara kumejaa misumari na vipande vya chuma. Mpira ukitoboka, tunafunga sekuru. Sekuru nayo ikitoboka, kwado iko. Pa Likasi, pa Fungurume, hata penye vibanda vitatu tu, utaona mpira wa zamani umesimamishwa kando ya njia, na kijana na pompi yake. Hauna lazima ya kusoma kibao.

Sasa zimekuja motokari za umeme. Batri za nyingi kati yao zinatengenezwa na kobalti (si zote, kuko namna ingine pasipo kobalti hata kidogo), na zaidi ya sehemu mbili juu ya tatu za kobalti ya dunia nzima inachimbwa huku kwetu Kongo. Njo maana vijana wa Kolwezi wanapenda kuzizungumzia. Wanauliza mbio yake, wanauliza batri inajaa kwa saa ngapi. Swali la kwado halisikiki: mpira ukitoboka, je?

Jibu nililiona Norwe, nchi ya baridi kule kaskazini ya Ulaya. Kule motokari hizi si kitu cha kushangalia tena. Mwaka 2024, karibu 89 katika kila motokari mpya 100 zilizouzwa zilikuwa za umeme tupu, na katika mwezi wa kenda wa mwaka ule hesabu ya motokari za umeme katika nchi ilipita ile ya motokari za benzini. Katika mwezi ule mimi nilikuwa Oslo, kwa mwipwa wangu. Siku ya tano asubuhi tulishika njia ya Bergen kwa ndoa ya dada yake mdogo, iliyopangwa kesho yake, siku ya posho. Mama yao, ni kusema dada yangu, hayuko tena, na mimi mujomba njo nilipaswa kusimama pahali pake. Hatukuwa na ruhusa ya kukosa.

Barabara hiyo inaitwa E16, karibu kilometa 500. Inatoka Oslo, inapita Hønefoss na bonde la Valdres, halafu kisha Fagernes inapanda mpaka mlima wa Filefjell, karibu mita 1000 juu. Kule miti inakwisha, yanabaki mawe, majani mafupi na maziwa madogo ya maji baridi. Motokari haina kelele. Unasikia tu mipira juu ya lami. Nilikuwa nasifu barabara ile, haina shimo hata moja, wakati kamio lilipotokea mbele yetu penye kona. Mwipwa alisogea pembeni kumwachia njia, na mpira wa kuume nyuma ulikutana na jiwe lenye makali. Mara moja taa ikawaka mbele ya shofere, kuonyesha kama upepo unatoka.

Tulisimama. Nilishuka, nikakunja mikono ya shati.

“Sekuru iko wapi?”

“Mujomba, hii haina sekuru.”

“Haina namna gani? Umeiacha nyumba?”

“Hapana. Ilitoka vile pa uzini.”

Alifungua nyuma, akatoa mfuko mdogo. Ndani mlikuwa pompi ndogo ya umeme na chupa ya dawa nyeupe kama maziwa. Kazi yake ni hii: unafunga mpira wa chupa penye valvu, pompi inasukuma dawa pamoja na upepo, dawa inatafuta tundu na kuliziba. Kisha unatembea polepole, pasipo kupita kilometa 80 kwa saa, mpaka garaji ya karibu. Kwa tundu la msumari, penye mpira unakanyaga barabara, ni dawa ya kweli, na unamaliza pasipo kutia grisi hata kidole. Lakini iwe tundu dogo, la milimita chache. Mpira wetu ulikuwa umepasuka ubavuni, urefu wa kidole. Dawa yote ilitoka inje, ikapaka lami nyeupe. Na chupa ile ni ya mara moja tu, tena ina mwaka wake wa mwisho ulioandikwa juu, kama vile dawa ya hospitali.

Juu ya nini waliondoa sekuru? Motokari za benzini pia, mipya, nyingi Ulaya hazina tena. Kwa za umeme sababu ni mbili. Ya kwanza ni pahali: batri imelala chini ya watu wote, kama godoro, na nyuma mara nyingi kuko motere ingine, basi lile shimo la zamani la kulazia sekuru limekwisha. Ya pili ni uzito. Batri peke yake inaweza kufika kilo 400 ao 500, motokari nzima inapita kilo 2000, na kila kilo inakula kidogo ya umeme. Wanasema sekuru pamoja na kriki ni kilo 20 hivi. Kilo 20 juu ya 2000! Mimi naona hiyo ni hesabu ya mwenye kuuza, si ya mwenye kusafiri.

Mwipwa alivaa koti la kung'aa, akasimamisha pembe tatu nyekundu nyuma ya motokari (ni sheria kule), akapiga simu. Tulingoja saa mbili na nusu. Upepo wa Filefjell, hata katika mwezi wa kenda, unaingia mpaka ndani ya mifupa. Wakati kamio la msaada lilipofika, nilitaka tufunge kamba, tukokotwe pole pole kama kwetu. Shofere alikataa kabisa, na mwipwa alinigeuzia maneno yake: magurudumu yakizunguka, yanazungusha motere, na motere yenye kuzungushwa inazaa umeme, inaweza kujiunguza. Motokari za namna hii zinapandishwa zote nzima juu ya kamio. Alituonyesha tena chini, pahali panne pa kutia kriki, penye alama. Ukitia kriki pengine, unabonyeza batri yenyewe, na batri ikiharibika bei yake ni ya kukufanya ulie. Vijana wenye kujifunza kazi ya kwado, shikeni neno hilo mbele ya mengine yote.

Tulishuka mlima tukipita Borgund, penye kanisa la mbao lililojengwa kisha mwaka 1150, lingali limesimama na mapaa yake yenye kupandana. Nililiona kwa dirisha la kamio tu.

Katika Lærdal mwenye garaji alisoma maandishi ubavuni mwa mpira, akatikisa kichwa. Kwa motokari hizi nzito kuko mipira yenye nguvu zaidi, ingine ina herufi HL mbele ya vipimo, maana yake inabeba mzigo mkubwa. Hauwezi kuokota mpira wowote wenye upana ule ukafunga. Wa kwetu hakuwa nao. Ungefika kazi moja.

Motokari ilibaki. Sisi tulipanda basi ya jioni, na basi ikaingia chini ya mlima. Lile tundu la Lærdal ni tunel ndefu ya barabara kupita zote duniani, kilometa 24 na nusu, lilifunguliwa mwaka 2000. Kila kilometa sita hivi wamechimba kama chumba kikubwa chenye taa za buluu, ili mashofere wasisinzie. Kila mita 250 kuko simu ya kuitia msaada. Mtu wa mine kama mimi anatazama mwamba ule kwa heshima. Nilikuwa nawaza pia: heri jiwe lile lilitungoja kule juu, si humu.

Tulifika Bergen usiku katikati ya mvua. Ndoa ilifanyika, nami nilisimama pahali pa dada yangu. Juu ya ndoa ile nitaandika siku ingine.

Kazi moja tulirudi Lærdal. Mwenye garaji alikwisha kuvua mpira wetu, akanifungulia nione ndani: sponji imebandikwa mzunguko mzima, kazi yake kupunguza kelele. Kama tundu liko penye kukanyaga, inabidi kukwangua sponji pale kwanza, kisha kubandika kiraka kutoka ndani. Nilimwambia kama kwetu kuko kwado wenye kushona ubavu kwa uzi, na mpira unatembea mwaka. Alicheka, lakini hakudharau. Aliuliza wanatumia uzi gani. Kisha akasema kwa motokari ya kilo 2000, yenye motere ya kuvuta kwa nguvu yote tangu mguu wa kwanza, yeye hawezi kumpandisha mtu juu ya ubavu wa kushonwa. Nguvu ile na uzito ule njo vinakula mipira yao upesi kupita ya benzini.

Mbele ya kuondoka mwipwa alinunua mpira mwembamba wa sekuru, wa kutembea nao muda mfupi tu, pamoja na kriki na ufunguo. Chini hamna pahali pa kuulaza. Waliufunga na mkanda nyuma, kati ya mizigo, na valizi yangu ikarudi Oslo juu ya magoti yangu.