Kuvuka na Msalaba



Katika mwaka wangu wa uchungaji nilisaidia kufundisha Kiingereza wilayani Kibiti. Siku moja kijana wa kidato cha pili aliuliza: "Mwalimu, 'cross' ni msalaba au ni kuvuka?" Nikamjibu: "Vyote viwili." Darasa likacheka, lakini swali lile ninalo hadi leo.

Neno hilo lina asili ya Kilatini, "crux". Lilipita kwa Waairishi na watu wa Skandinavia, ndipo likaingia Kiingereza. Lilianza kama nomino. Kitenzi kikazaliwa baadaye. Leo kitenzi hicho ni kufanya ishara ya msalaba, kuvuka barabara au mto, na hata kumpinga mtu. Anayevuka mto huukata mkondo, na njia yake pamoja na mto hufanya umbo la msalaba.

Kiswahili kimeyatenga. Msalaba asili yake ni Kiarabu. Kuvuka ni neno letu la Kibantu. Lakini tazameni uzao wake: vuka, vusha, vushwa, kivuko. Watu wa Rufiji wanayajua maneno hayo vizuri. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, safari ya kusini ilisimama Ndundu kungoja kivuko. Huko deltani, kati ya mikoko, watu bado husafiri kwa mitumbwi na boti, wakifuata maji kujaa na kupwa. Na mafuriko ya mwaka 2024 yalipofunika mashamba na nyumba, wako ambao hawakuvuka, walivushwa.

Hiyo ndiyo Pasaka. Waisraeli hawakujivusha wenyewe Bahari ya Shamu. Naye Kristo hakuvuka mauti akatuacha ng'ambo hii. Msalaba wake ndio chombo chetu.

Nilipokwenda deltani kumtembelea mgonjwa wetu, nahodha aliyenivusha alikuwa mzee Mwislamu. Alikataa nauli. "Mgonjwa ni mgonjwa, mwanangu," alisema, akageuza boti.

Ndugu waseminari, upadre si kivuko cha kutufikisha sisi kwenye maisha mazuri. Nahodha hufika ng'ambo kila siku, na kila siku hurudi kuchukua wengine. Tunapofanya ishara ya msalaba asubuhi, tujiulize ni nani yuko ukingoni anangoja kuvushwa.