Mikogo mwisho Sanje!

Mtoto wa mjini, ukichoka na disko panda basi la Ifakara, ukaone maporomoko ya Sanje, kwenye Milima ya Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu 1992. Ila moka acha nyumbani! Mwenzenu nilikwenda na mchumba, nikajitia kidume, nimetinga moka zinazong'aa. Kilima hicho! Mara nateleza, mara nahema. Bibie na raba zake yuko mbele, ananivuta mkono. Kufika, maji yanaporomoka kwa ngazi tatu, jumla mita 170 hivi, manyunyu yanatulowesha, uchovu kwisha. Akaniuliza, “Mwenzangu, hata kwenye ndoa nitakuvuta hivi hivi?” Nikajibu, “Usiniachie tu, nitafika.” Akacheka. Mkono hakuuachia mpaka tunashuka.