Marehemu Hajitetei

Watu wa Mashimoni, hapa Kibera jijini Nairobi, wanaifuata siasa ya bunduki ya Marekani kuliko Wamarekani wanavyoweza kudhani. Runinga ya kinyozi haizimwi mchana kutwa, na shule ikishambuliwa kule ng'ambo, sisi huku Kibera tunajua siku hiyo hiyo. Ubishi hapo hauchelewi. Mmoja atasema Wamarekani wamerogwa na bunduki. Mwingine atauliza kwa nini wasiige Kenya, ambako raia hamiliki bastola bila leseni ya serikali, tena baada ya kueleza anaitakia nini. Wote tunaondoka tukijiona werevu. Nami ni mmoja wa wabishi hao, lakini siku hizi naona kuna somo tunaloliruka kila mara.

Somo lenyewe liko Uvalde, Texas. Mei 24, 2022, kijana mmoja aliua watoto 19 na walimu 2 katika shule ya msingi ya Robb. Kesho yake wakuu wa jimbo waliwasifu polisi kwa ushujaa na wepesi wao. Kumbe wazazi walikuwa nje ya shule saa ile ile, wakiwasihi askari waingie, na simu zao zilikuwa zimerekodi. Waandishi wa habari wakawasikiliza. Siku chache baadaye gavana Greg Abbott alisema yeye mwenyewe alikuwa amepotoshwa, na ikathibitika kwamba zilipita dakika 77 kabla polisi hawajamkabili muuaji. Juni 25 mwaka huo Rais Joe Biden alitia saini sheria ya bunduki iliyokuwa nzito kuliko zote za taifa hilo kwa karibu miaka 30. Wanasiasa wa huko wangali wanavutana juu ya kifungu cha katiba cha 1791 kuhusu haki ya kumiliki silaha, na huenda wajukuu wao wakarithi mvutano huo. Mimi nimebaki na wale wazazi wa langoni. Wasingekuwepo, kauli ya kwanza ingekuwa ndiyo historia.

Kwetu kauli ya kwanza tunaijua kwa moyo. Washukiwa walikuwa wamejihami. Waliamriwa kusimama, wakafyatua risasi. Polisi wakajibu. Bastola moja na risasi kadhaa zimepatikana, mwenzao ametoroka. Redio inaisoma kwa sekunde chache kisha linakuja tangazo la sabuni. Hutasikia jina la aliyekufa wala shule aliyosoma, na mamake hataulizwa lolote.

Desemba 2018 kijana mmoja alipigwa risasi hapa hapa Kibera, na polisi wakasema alikuwa katika genge la wezi. Safari hiyo habari ilikataa kufa. Kijana aliitwa Carilton Maina, mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, aliyekuwa amerudi nyumbani likizo. Jamaa na majirani waliikana kauli ile hadharani, magazeti ya hapa na ya Uingereza yakaandika, nayo IPOA, mamlaka inayochunguza mienendo ya polisi, ikaingilia kati. Sasa najiuliza: angekuwa fundi viatu je? Angekuwa kijana anayesukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, asiyewahi hata kuona pasipoti? Majirani wangesema yale yale waliyosema, lakini ni mwandishi gani angeteremka hadi kwenye reli kuwasikiliza?

Ni rahisi kuwatwika polisi na waandishi lawama yote. Sisi raia nasi tumo.

Januari 2019, wiki chache tu baada ya kifo cha Maina, magaidi walivamia jengo la DusitD2 jijini Nairobi na kuua watu 21. Gazeti la Marekani la New York Times lilichapisha picha iliyoonyesha maiti za watu waliokuwa wameketi mezani. Wakenya tulichemka. Tuliwauliza: maiti za watoto 20 wa shule ya Sandy Hook kwenu Marekani, waliouawa 2012, mbona hamkutuonyesha? Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya lilitaka picha hiyo iondolewe. Tulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini miaka hiyo hiyo, kurasa za Facebook zilizobeba jina la Hessy, lililohusishwa na polisi, zilikuwa zikianika vijana wa Dandora, Kayole na mitaa mingine: leo sura ya kijana na onyo kwamba siku zake zimekwisha, baadaye mwili wake ukiwa chini. Waliopongeza hawakuwa wageni. Ni sisi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Najua pongezi zile zilitoka wapi. Mama mboga aliyewekewa bastola kifuani na kunyang'anywa mauzo ya siku hana hamu ya kusikia habari za mahakama. Mwizi mwenye bunduki yupo, na anayepita vichochoro vya Laini Saba stima ikiwa imepotea anajua simzulii. Lakini ukikubali mtu auawe bila kesi, umekubali kwamba aliyefyatua risasi awe shahidi, awe hakimu, na awe mwandishi wa habari pia. Marehemu hajitetei. Na mtindo huo ukishazoeleka haubagui: Machi 2020, wakati wa kafyu ya korona, risasi ya polisi ilimpata Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko.

Nimejiwekea desturi tatu. Habari ya kifo ikinifikia, nauliza nani kaisema na nani hajasemeshwa bado. Picha ya maiti ikitumwa kwenye simu yangu, inaishia hapo hapo, hata kama aliyekufa anasemwa alikuwa mwizi sugu. Na nikiwa nimeona jambo kwa macho, nasema niliyoyaona tu: saa, mahali, nani alisimama wapi. Siongezi chumvi.

Hiyo ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu uongo hauko upande mmoja tu. Mtangazaji wa Marekani Alex Jones aliwadanganya wasikilizaji wake kwamba mauaji ya Sandy Hook ni maigizo, na wafiwa wakaandamwa kwa vitisho miaka mingi. Mwaka 2022 baraza la wazee wa mahakama huko Connecticut liliamua awalipe dola milioni 965. Wenye ukweli walishinda kwa kuushikilia jinsi ulivyo. Nasi tukimgeuza kila aliyeuawa kuwa malaika, wenye kauli ya kwanza watapata tundu moja dogo na kuibomoa hadithi nzima. Hakuna haja ya kumtakasa marehemu. Yatosha kudai kwamba alistahili kusikilizwa.

Kuibishia Marekani hakutugharimu kitu. Kusimama mbele ya mpelelezi na kutoa ushahidi hapa mtaani kunaweza kukugharimu usingizi, kazi, hata uhai, na simlaumu anayeogopa. Ila Carilton Maina alikuwa na chuo kikuu cha kutajwa pamoja na jina lake. Vijana wengi wa Mashimoni hawana. Wana majirani tu, na majirani inabidi watoshe.