Ndugu wa Ulimi

Zumari ya ngoma zetu za pwani, niisikiayo harusini huku Temeke, na obo ya Ulaya ni ndugu wa ulimi: pumzi hupenya baina ya vipande viwili vyembamba. Udugu huo ulinivuta kwenye konseto ya obo ya Alessandro Marcello wa Venice, iliyochapwa takriban mwaka 1717. Bach aliihamishia kwenye kinanda, na sehemu ya kati, iendayo polepole, akaitia madoido ambayo Marcello hakuyaandika. Leo wapuliza obo wengi huyaazima madoido hayo, wakayarudisha kwenye asili. Kwangu mimi mfasiri wa mashairi, huo ndio mtihani: neno nililoliongeza katika ubeti wa mwenzangu, je, mwenyewe angekubali kuliimba?