Hesabu Iliyoandikwa Ujiji

Katika mji wa Ujiji, karibu na Kigoma, umejengwa ukumbusho wa mawe, na juu yake umeandikwa mwaka 1871. Ndio mwaka ambao Henry Morton Stanley alimkuta Dk. David Livingstone mjini humo. Habari za siku na mwezi hazipatani katika maandiko yao, lakini mwaka haubishaniwi. Watu wengi huisoma 1871 kuwa tarehe tu, kisha hupita. Kumbe ni hesabu yenye tabia yake.

Zamani hizo ushanga ulikuwa ndio fedha ya soko la Ujiji. Na tuseme mfanya biashara alikuwa na shanga 1871, akataka kuwagawia wenziwe sawasawa. Wakiwa wawili, hubaki moja. Wakiwa saba, hubaki mbili. Wakiwa kumi na mmoja, hubaki moja tena. Wakiwa kumi na watatu, hubaki kumi na mbili; naye hapo huona uchungu, maana kama angalikuwa na ushanga mmoja zaidi kila mtu angalipata 144. Ugomvi wa sokoni huzuka kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Je, itampasa kujaribu mafungu yote mpaka 1870? Hasha. Hesabu yo yote ikigawanyika, hugawanyika kwa hesabu mbili zinazozidishana. Na 44 mara 44 ni 1936, imekwisha pita 1871. Basi mmoja wa wale wawili hauna budi kuwa 43 au chini yake. Tena aliyekwisha jaribu 2 hana haja ya kujaribu 4 wala 6. Zabaki hesabu kumi na nne tu, kutoka 2 mpaka 43, na zote huacha baki. Hesabu isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe huitwa namba tasa.

Lakini 1871 haikukaa peke yake. Baada ya 10, katika kila kumi namba tasa haziwezi kuzidi nne, zile zinazoishia kwa 1, 3, 7 na 9, kwa kuwa zilizosalia hugawanyika kwa 2 au kwa 5. Mara chache sana zote nne hupatikana pamoja. Nazo hapa zimepatikana: 1871, 1873, 1877, 1879. Mwaka 1873 Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia. Mwaka 1877 Stanley alifika Boma, karibu na mdomo wa mto Kongo. Mwaka 1879 Mapadre Weupe walifika Ujiji.

Mtu apendaye ishara atashangaa. Asishangae mno. Waarabu na Waswahili wa Ujiji, walipowaona wale wageni wawili wakiamkiana, walihesabu mwaka 1288 wa Hijra, na 1288 hugawanyika kwa 2, kwa 7 na kwa 23. Siku ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni mahali watu walipoanzia kuhesabu. Utasa ni wa hesabu, si wa siku.

Kundi la nne lililotangulia hili laanza na 1481. Litakalofuata ni 2081, 2083, 2087 na 2089, na baadhi ya watoto wanaocheza leo ufukoni mwa Ujiji huenda wakaiona miaka hiyo, wakiwa wazee.