Paka wa bibi alipohamia kwa mama mdogo

Bibi yake alipofariki, mtoto wa miaka minane alihamia kwa mama yake mdogo, Ushongo, wilayani Pangani. Alikuja na begi la nguo na kikapu chenye paka wa bibi.

Nyumba ile ilikuwa na paka wake, dume lililozoea kusubiri ngalawa ufukweni. Jioni ya kwanza wote wawili waliwekewa vichwa vya vibua kwenye sahani moja. Ikawa vita. Mtoto alipoingiza mkono kuwaamua, paka wa bibi akamng'ata kidole.

"Huyu kesho anatupwa," mama mdogo alisema. Mtoto hakulilia kidole, alimlilia paka.

Kidonda kilioshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto akapelekwa kituo cha afya. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, na dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Ndiyo maana chanjo haingoji.

Huko mama mdogo aliambiwa jambo ambalo hakulitarajia: paka asiuawe wala kutupwa. Afungiwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, basi hakuwa na maambukizi ya kumpa mtoto siku aliyomng'ata.

Paka akawekwa stoo na chakula, maji na boksi la mchanga. Dume likawa linanusa chini ya mlango. Siku za mwanzo lilifoka, baadaye likaanza kula palepale mlangoni. Paka hujuana kwa harufu kwanza. Mama mdogo akachukua kipande cha kanga alicholalia mmoja, akampelekea mwenzake.

Siku 10 zilipokwisha salama, mlango ulifunguliwa dakika chache kila siku, kila paka na sahani yake, mbalimbali. Wakifoka, unafungwa hadi kesho. Ofisa mifugo akawachanja wote wawili.

Mzazi, paka wakipigana usiingize mkono, na mfundishe mtoto hivyo hivyo. Gonga sufuria, au weka ungo katikati yao.

Paka wale hawalali pamoja, ila hawapigani tena. Mtoto bado hula kimya, pembeni ya binamu zake. Zamani mama mdogo angemkemea. Siku hizi humwekea sahani yake na kusema, "Naye tumpe siku zake."